Dungu la Mbao za Mtumbwi

Kwenye majaruba ya Magu na Misungwi, mpunga ukianza kutia maziwa, kweleakwelea nao hawakawii. Ndipo dungu linaposimamishwa: nguzo nne za miti, jukwaa la fito, paa la nyasi la kumkinga mlinzi na jua, na kamba zenye makopo zikitambaa shambani pande zote. Mlinzi mara nyingi ni mtoto. Anavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanainuka kwa pamoja na kwenda kumsumbua jirani. Makundi yakizidi, serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu. Lakini kwa jaruba la kaya moja, ulinzi bado ni kombeo, kelele na macho ya mtoto.

Nimeanza na dungu kwa sababu kila nikitaja kibanda nilichomjengea binti yangu juu ya mwembe, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Kukaa juu na kutazama mbali ni kazi ambayo Usukuma imewapa watoto wake siku nyingi. Mjini Mwanza kilichokosekana ni shamba la kulinda. Tena watoto wa Mabatini na Igogo hata mti hawauhitaji: wana miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, wanaikwea wapendavyo na kulitazama ziwa bila ruhusa ya mtu. Wenye haja ya mwembe ni sisi tuliojenga pembeni mwa jiji, kwenye viwanja vilivyopimwa na kuzungushiwa ukuta.

Mbao zetu zilitoka mwaloni. Ukishuka Kirumba, Igombe au Kayenze, hukosi mtumbwi uliomaliza kazi. Mtumbwi wa ziwani hauzeeki kwa heshima: unavuja, unazibwa kwa pamba na vipande vya bati, unavuja tena, mwisho unapinduliwa mchangani ukawa kivuli cha mbuzi. Mwenyewe atakuuzia mbao kwa bei ya kuni, ingawa ukienda na viatu vizuri bei hupanda. Bonyeza ubao kwa ncha ya kisu. Kikizama, hizo ni kuni kweli. Kikigoma, na ubao wenyewe ukiwa mvule au mninga, chukua. Kisha uanike kivulini, maana ubao uliozoea maji ukikaushwa juani kwa pupa hupasuka.

Na hapa ndipo ninapoisifu kazi hii kuliko useremala wa mbao mpya. Mbao mpya za mbili kwa nne zimenyooka, zinataka mchoro, na mwenye mchoro ni mtu mzima; mtoto anabaki saidia fundi, wa kushika tepu na kuleta maji ya kunywa. Mbao kuukuu zinakuja na tabia zake. Huu una matundu, ule umepinda, mwingine mfupi kuliko ulivyotaka. Lazima mkae mbele yake mjiulize unafaa wapi, na katika swali hilo mtu mzima hana cheo. Kulikuwa na taruma moja, lile gongo lililopinda linaloshika mbavu za mtumbwi kwa ndani, nami nilikwisha kulitenga la kuchomea nyama. Binti yangu akaligeuza juu chini, akaliegemeza kwenye panda ya mwembe. “Baba, hili linashika.” Lilishika kweli. Mpindo ule ulikaa chini ya boriti kama kiwiko chini ya sinia.

Halafu misumari. Msumari uliong'olewa hutoka na kibiongo. Unaulaza juu ya jiwe, na Mwanza jiwe la kufanyia kazi halitafutwi, kibiongo kikitazama juu, kisha unaugonga polepole huku ukiuviringisha kwa kidole. Mkono mzito huukunja upya kwa upande wa pili. Mkono wa mtoto una uzito unaotosha. Ni kazi ya jioni nzima, haitaki haraka, na maneno hutoka yenyewe. Mengi ninayoyajua kuhusu shule ya binti yangu niliyasikia hapo, kati ya msumari na msumari.

Ila ubahili una mpaka wake. Msumari ulionyooshwa umekwisha choka pale ulipopindia: unafaa kwa mbao za sakafu na za ukuta, haufai kubeba. Boriti tulizishika kwa bolti mpya za dukani, na hilo silijadili na mtu.

Mwembe hunenepa kila mwaka, na chakula chake hupita chini tu ya gome, kwa hiyo kamba ikilizunguka shina na kukaza, italikaba. Sakafu tuliiachia nafasi ya kiganja kulizunguka shina. Boriti nazo zimefungwa upande mmoja tu. Upande wa pili zimekalishwa kwenye kitako chenye kingo, ziteleze bila kuanguka. Mchana upepo hutoka ziwani, usiku hugeuka ukavuma kuelekea ziwani, na matawi mawili hayayumbi kwa pamoja. Ukiyabana yote mawili kwa chuma, ama bolti itakatika ama tawi litapasuka.

Kingo na ngazi tulifunga kwa kamba za nyavu zilizotupwa. Seremala mmoja alipita, akatabasamu. Lakini wajenzi wa dungu hufunga, hawapigilii misumari. Na mitumbwi ya zamani ya visiwa vya Sese, upande wa Uganda, mbao zake zilishonwa kwa nyuzi za mimea. Ziwa zima lilivukwa kwa mishono. Ngazi ya futi sita haina sababu ya kudharau fundo.

Siku moja mtoto huyu hatapanda tena, na mama yake ameshatangaza kwamba sakafu ile ina kipimo kamili cha banda la kuku. Binti hataki kusikia. Anasema zamu inayofuata ni ya mdogo wake, na misumari ya akiba ameshamwekea kwenye kopo la maziwa. Mdogo wake, ambaye bado anatambaa, hajaulizwa.