Wapiga picha wanaobisha hodi

Mpiga picha anayemfuata mtu hadi kwake namvulia kofia. Peter Menzel wa Marekani na wenzake walifanya hivyo katika kitabu cha Material World, mwaka 1994: familia 30 za nchi 30, zimetoa vyombo nje, zimesimama navyo mbele ya nyumba zao.

Natamani kazi kama hiyo ifanyike Mbulumbulu, Karatu, nchini Tanzania. Huko, Wairaqw wa zamani walichimbia nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likakaribia kulingana na ardhi, adui asiione kwa mbali. Picha ya uso pekee haiwezi kueleza hilo. Mpiga picha muungwana hubisha hodi, hunywa chai, humwachia bibi mwenye nyumba achague mahali pa kupigiwa picha: mlangoni au kando ya mafiga. Kisha humletea nakala yake.