Mkato Usiokata

Katika karakana za Hewa Bora, Lubumbashi, mchoro wa bomba haukai sana kwenye kompyuta. Unachapwa, unakatwa kwa mkasi, unazungushwa kwenye bomba, kisha chaki inafuata ukingo wake. Mchoro mbaya unakula bati, kwa hiyo afadhali uukague mapema.

Kwanza ujue kwamba kukata uso wa bomba kwenye programu ya kuchora hakukati kitu. Uso wote unabaki pale pale. Kilicho nje ya mstari wa mkato kinafichwa tu. Ni kama fundi cherehani aliyekunja kitenge kwa ndani badala ya kukitia mkasi. Basi ukiletewa faili, ondoa mkato utazame kilichofichwa. Kazi nzuri ina uso mtulivu wa pande nne, uliopita mstari kidogo tu. Ukikuta umejikunyata kama noti ya mfukoni, hapo mkato umetumika kufunika makosa. Hesabu pia nukta zinazouongoza uso. Pierre Bézier wa Renault, aliyeunda mfumo wa UNISURF miaka ya 1960, alizipinda bodi za magari kwa nukta chache. Anayerundika mia kwenye bomba la kawaida hajiamini.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni mabomba mawili ya kipenyo kimoja yaliyokutana kwa herufi T. Yatazame kwa ubavu. Mshono lazima uwe mistari miwili iliyonyooka, kila mmoja digrii 45, kama V. Ukiyumba hata kidogo, rudisha faili. (Tawi likiwa jembamba kuliko shina, mstari hupinda, na ndivyo inavyotakiwa.) Wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, walilijua hili kwa bikari na rula.

Pengo kati ya kingo za nyuso zinazokutana lisikutie wazimu. Moto wa plasma unaokata bati wenyewe hula milimita nzima au zaidi, kwa hiyo anayejisifia pengo la milimita 0.0001 anajipamba tu. Mjanja wa kuogopa ni yule anayelegeza kipimo cha pengo linaloruhusiwa na programu mpaka mapengo yahesabike kuwa yamefungwa.

Mwisho, kunjua uso uwe bapa. Bomba na faneli hulala chini kama mkeka. Tufe halikubali kamwe. Chapa karatasi, izungushe kwenye bomba: ncha mbili zikutane bila kuvutwa.