Pongezi kwa matishari ya taa ya Florida

Tangu Oktoba 1971, mwezi ilipofunguliwa Walt Disney World huko Florida, msafara wa matishari 14 umekuwa ukipita usiku kwenye maji ya Seven Seas Lagoon na Bay Lake. Yamepangwa katika misururu miwili, saba kwa saba. Kila tishari limebeba fremu yenye urefu wa futi 25 hivi, iliyojaa taa.

Ufundi wenyewe ni wa kustaajabisha kwa wepesi wake. Taa zinawaka na kuzimika kwa kupokezana, na jicho linaona nyangumi akirusha maji, kasa akiogelea, pweza akichezesha mikono. Giza linaficha vyuma. Maji yaliyotulia yanarudisha kila taa mara ya pili, bure kabisa. Muziki nao unasafiri humo humo.

Mwaka 1972 wazo hili likazaa gwaride maarufu la taa la Disneyland, California. Hilo ndilo linalosifiwa zaidi, na si haki. Nawapongeza manahodha na mafundi wa umeme wa matishari haya: umeme na maji havipatani, nao wamevipatanisha kwa zaidi ya miaka 50.