Hadithi Zetu za Treni Zinashuka Mapema

Nimesoma hadithi tisa za vijana wa Kenani na Mantapala. Mada ilikuwa safari ya kwenda nchi nyingine kukaa kwa ndugu. Katika saba kati ya hizo, mtu anasafiri kwa treni. Hilo lenyewe linashangaza, maana Nchelenge haina reli. Wengi wetu tuliingia Zambia mwaka 2017 kwa miguu, mizigo kichwani. Sasa hiyo treni imetoka wapi?

Imetoka kwa wazee. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910. Ile ya Kabalo hadi Kalemie ilikamilika 1915. Tangu hapo koo nyingi za Katanga zimetawanyika kwa kufuata reli: ndugu mmoja Likasi, mwingine Ndola, mwingine Kitwe. Halafu kuna TAZARA, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa 1970 kwa msaada wa China na kukabidhiwa 1976. Kwa kijana aliyekulia kambini, treni ni safari ya mtu anayesubiriwa, siyo ya mtu aliyefukuzwa. Nadhani ndiyo maana saba wameichagua, na ninawaelewa kabisa.

Safari yenyewe wanaiandika vizuri. Mmoja ameeleza behewa lililojaa magunia, wamama wanauza mayai na ndizi dirishani, mtoto amelala juu ya begi la mtu asiyemjua. Mwingine amecheka na ucheleweshaji: alifika stesheni hana ndevu, treni ilipokuja alikuwa nazo. Aliyewahi kungojea TAZARA anajua huo siyo uongo mkubwa.

Lakini angalieni zinavyoisha. Sita kati ya saba zinaishia stesheni. Shangazi anapunga mkono, watu wanakumbatiana, machozi, basi. Na katika hizo sita hakuna hata mtu mmoja anayeulizwa karatasi! Jamani, sisi ambao hata kutoka kambini tunaomba kibali, tunaandika mtu anapita Nakonde na kutokea Tunduma kama anavuka njia kwenda kwa jirani? Msomaji wa hapa anaacha kuamini palepale. Sisemi kila hadithi ijae polisi. Nasema kwa mkimbizi, karatasi ni sehemu ya safari kama tiketi ilivyo.

Nafananisha na Stimela, wimbo wa Hugh Masekela aliourekodi mwaka 1974. Jina lake lina undugu na maneno yetu: Wabemba wanaita treni shitima, watu wa pwani waliita meli stima, na yote yametoka kwenye neno moja la Kiingereza la chombo cha mvuke. Wimbo unaeleza treni ya makaa inayokusanya wanaume kutoka nchi nyingi za kusini mwa Afrika, Zambia ikiwemo, na kuwapeleka kwenye migodi ya Johannesburg. Masekela haishii stesheni. Anashuka na wale watu mpaka chini ya ardhi, anatuonyesha chakula chao, mabweni yao machafu, na mawazo yao juu ya wale waliowaacha nyumbani. Mlio wa treni anautoa kwa mdomo wake mwenyewe, na unatisha kwa sababu tunajua inapeleka watu wapi. Sisi honi tunaipiga vizuri, ila mwisho wa njia hatuuonyeshi.

Tofauti ipo, na lazima niiseme. Mchimba madini wa Masekela alikuwa anapelekwa kwa tajiri. Watu wetu wanakwenda kwa ndugu. Kumsema tajiri ni rahisi. Kumsema mama mkubwa aliyekupa godoro na kukugawia ugali wa watoto wake, hapo kalamu inakuwa nzito. Ndiyo maana tunashuka mapema. Tunaogopa tutaonekana hatuna shukrani.

Kuna woga wa pili: tunamwandikia mtu wa ofisini. Mwandishi mmoja aliandika kwanza kwamba anakwenda kwa baba yake Kitwe, yaani mdogo wa baba mzazi. Halafu akafuta, akaweka "mjomba", ili wafanyakazi wa mashirika wasimwulize ana baba wangapi. Lakini mjomba ni kaka wa mama, ni mtu mwingine na mlango mwingine! Kwa Watabwa na Wabemba, ambao ukoo unafuata mama, mjomba ana mamlaka juu yako ambayo hata baba hana. Kwa Waluba wa Katanga ukoo unafuata baba, na kwa baba mdogo wewe ni mtoto wa nyumba. Kubadilisha neno moja kumebadilisha nani ana haki ya kukutuma, kukugombeza na kukufungulia mlango usiku. Ninyi wa mashirika mnaotusoma, msione hiyo ni hadithi inayojipinga. Fomu inauliza watu wa nyumba moja. Sisi nyumba yetu ina paa nyingi.

Hadithi ya saba imekataa kushuka. Msichana anapanda Kasama, karatasi zake zinakaguliwa mpakani mpaka jasho linamtoka, anafika Mbeya kwa mama mkubwa. Hapo tuko ukurasa wa pili tu. Kurasa nne zilizobaki ni ndani ya nyumba. Anaamka kabla ya wote ili akunje godoro sebuleni. Anajifunza kunywa chai bila sukari kabla hajaambiwa sukari imepungua. Siku moja binamu mdogo anamwuliza bila ubaya wowote, "Yaya, unarudi lini?" Mama mkubwa anamnyamazisha mtoto, ila swali halijibu. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii. Inauma kwa sababu hiyo. Kasoro yake ni aya ya mwisho, inayotushauri tupendane. Ingekatwa tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hadithi zetu sita zimeishia kabla hata siku ya kwanza haijaisha. Na swali la jembe siyo la kwa ndugu peke yake. Sisi wenyewe ni wageni wa Nchelenge tangu 2017, tumepewa mashamba Mantapala, na bado hatujaandika vizuri maana ya kukaa kwa mtu muda mrefu. Kwa toleo lijalo naomba vijana wenzangu waache treni iende zake. Anzeni siku ya tatu, mkiwa mmeshika jembe, mwenye nyumba amesimama mlangoni anawaangalia.