Msafiri na Mwenyeji: Nathari ya Safari Mbele ya Delta ya Rufiji na Mji wa Kibiti

Nathari ya safari ni tawi kongwe la maandishi ya Kiswahili, walakini ni tawi lililohakikiwa kwa uchache sana. Mashairi yamepimwa kwa vina na mizani. Riwaya zimepimwa kwa tabia za watu na mwenendo wa kisa. Lakini habari za safari husomwa kwa faida ya maarifa tu, kana kwamba mtu aliyekwenda na kurudi hawezi kuulizwa namna alivyotazama. Swali la insha hii ni moja: je, maneno ya msafiri yanatosha kupabeba mahali alipopita? Mahali palipochaguliwa kwa mtihani huo ni delta ya Rufiji pamoja na mji mdogo wa Kibiti, kusini ya Dar es Salaam, kwa sababu hapo upungufu wa maneno umekwisha kuwa na gharama.

Asili ya tawi hili yafaa ikumbukwe kwanza. Mwaka 1901 Carl Velten alipiga chapa mjini Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, ambacho ndani yake watu wa pwani walieleza wenyewe walikokwenda. Mtoro bin Mwinyi Bakari alisimulia safari ya Udoe na Uzigua. Selim bin Abakari alisimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896. Miaka 31 baada ya kitabu hicho, Martin Kayamba alitoa Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Waandishi hawa wana sifa ambayo wengi waliokuja nyuma yao wameipoteza: walitazama watu kabla ya kutazama milima. Walijali nani alitoa chakula na nani alidai hongo, maamkizi yalikuwaje, na bidhaa ziliuzwa kwa kiasi gani.

Sarufi ya masimulizi hayo huongozwa na silabi moja, nayo ni -ka-. Msafara ukaondoka, ukafika, ukalala, ukaondoka tena. Silabi hiyo ni gari la msimulizi wa Kiswahili; humchukua msomaji kutoka kambi mpaka kambi bila ya kumchosha. Lakini kila gari lina njia yake. Njeo ya -ka- ni njeo ya mpitaji: kila jambo hutokea mara moja, kisha huachwa nyuma. Mwenyeji hatumii njeo hiyo asemapo habari za kwao. Yeye husema kwa hu-: maji hujaa, maji hupwa, watu hulima, watu huvuna. Baina ya silabi hizi mbili ndipo penye tatizo zima la fasihi ya safari.

Siku hizi umeingia mtindo wa tatu, usio na -ka- ya msafara wala hu- ya mwenyeji. Ni mtindo wa sifa. Mfano wake mkubwa ni safari ya makorongo ya jangwani huko Marekani, ambako msafiri husimama ukingoni, akaziona kuta za mawe mekundu, ya manjano na ya zambarau zikibadilika rangi kwa kushuka kwa jua. Kisha jioni huteremka katika mji mdogo wenye mizabibu, akanywa mvinyo, na habari yake ikakamilika. Mchana ni jiwe na jioni ni kinywaji. Umbo hilo lina mantiki yake, maana jiwe limetulia, na jicho likifika limefika. Hata Tanzania yaweza kulitimiza: nguzo za udongo za Isimila karibu na Iringa zina rangi na kimo cha kumridhisha mtazamaji, na mizabibu ya Dodoma haiko mbali. Kosa huanza pale umbo hilo linapochukuliwa kama kanzu iliyokwisha kushonwa, likavishwa mahali pasipolingana nalo.

Delta ya Rufiji hailingani nalo hata kidogo. Mto ukaribiapo bahari hugawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo mna misitu ya mikoko ipitayo hekta 50,000, fungu moja kubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Mgeni aingiaye kwa mashua kutoka Nyamisati huona kuta mbili za majani mabichi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Saa ya kwanza husifu. Saa ya pili huchoka. Arudipo huandika kwamba msitu ulikuwa mmoja, rangi ilikuwa moja, na kimya kilikuwa kikubwa.

Mwenyeji hauoni mti mmoja. Huona mkoko uliosimama juu ya mizizi iliyopindana, na mchu uchomozao mizizi yake matopeni kama vidole. Huona mlilana ukingoni mwa maji, msinzi na mkandaa ndani zaidi, mkomafi wenye matunda ya mviringo, na msikundazi mahali ambapo chumvi imeanza kupungua. Majina hayo ni vipimo vya chumvi, vya kimo cha maji na vya ugumu wa mti. Mkataji naye hutenga mavuno yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa karne nyingi majahazi yalichukua boriti za pwani hii kwenda Uarabuni na Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za mawe ulifuata urefu wa boriti. Mwandishi asemaye msitu ni mmoja ameacha nje ya kitabu chake historia ya ujenzi wa pwani nzima.

Hali ya rangi ni hiyo hiyo. Katika korongo la jangwani rangi imo ukutani. Katika delta rangi imo katika saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua hufika mbali, wakati wa maji mafu hubaki karibu. Palipokuwa maji asubuhi, adhuhuri pana matope ya kijivu yenye kung'aa, na juu yake kaa wadogo wenye gando jekundu. Masika hushusha udongo mwekundu wa bara. Kiangazi huurudisha weupe wa chumvi. Mtu aliyekaa saa tatu tu hawezi kuziona rangi hizi, hata akiwa na macho ya mchoraji. Kwa hiyo delta inakataa kusimuliwa kwa -ka- peke yake, nayo inakataa zaidi kusifiwa. Inataka hu-.

Mtu aweza kuuliza kwa haki: je, mgeni atumiapo hu- hasemi uwongo mkubwa zaidi? Mpitaji asemaye kwamba alimwona mtu mmoja akiogopa maji amesema kweli ndogo. Mpitaji asemaye kwamba watu wa Rufiji huogopa maji amesema uwongo mkubwa kwa sauti ya maarifa. Hoja hii ni nzito, na vitabu vingi vya wageni juu ya Afrika vimeithibitisha. Walakini haibatilishi kanuni iliyotajwa, bali inaiongezea sharti. Njeo ya hu- hainunuliwi kwa nauli. Hununuliwa kwa kukaa, au kwa kuuliza, na aliyeuliza sharti aseme jibu ni la nani.

Mfano wa bonde utaonyesha kwa nini sharti hili si la mapambo. Kwa vizazi vingi wakulima wa Rufiji wameishi kwa mafuriko. Maji yakifunika mashamba huacha rutuba. Yakishuka, watu hupanda mahindi, kunde na pamba katika unyevu uliobaki, na kilimo hicho huitwa mlao. Shambani hujengwa dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ambamo mlinzi hulala akiwafukuza nguruwe na ndege. Mpitaji aliyekiona kibanda hicho katikati ya maji aliandika juu ya umaskini na hatari. Alichokiona kilikuwa chombo cha kazi kilicho mahali pake.

Mwaka 1968, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilianza kuwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya nchi ya juu. Jambo hilo liliitwa Operesheni Rufiji. Nia yake ilikuwa pamoja na kuwafikishia watu shule, maji na dawa, na nia hiyo haifai kudharauliwa. Lakini wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu rutuba haikuhama pamoja nao. Waandishi wa safari hawakumhamisha mtu. Hata hivyo lugha iliyomjua mtu wa Rufiji kama mhanga wa mafuriko tu, isimjue kama mkulima wa mafuriko, ilifanya uamuzi huo uonekane kuwa hauna upande wa pili. Hapo ndipo njeo ya kitenzi inapogusa maisha ya watu.

Upungufu wa namna hiyo umo pia katika majina. Vitabu vya vita vimeitaja sana delta hii kwa ajili ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humo tangu mwaka 1914 na kuzamishwa tarehe 11 Julai 1915. Katika masimulizi hayo delta ni maficho tu, na wakazi wake ni kivuli nyuma ya mizinga. Juu ya mto, korongo lenye mawe lilikwenda karne nzima kwa jina la Stiegler, mgeni anayesimuliwa kuwa aliuawa hapo na ndovu mwaka 1907. Leo hapo pana bwawa la umeme lenye jina la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lililopangiwa kutoa megawati 2,115. Korongo na delta ni ncha mbili za mto mmoja: maji na udongo unaozuiwa juu ni chumvi na rutuba inayopimwa chini. Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Kwa hiyo hata hu- ya mwenyeji imo katika kubadilika, na mwandishi wa leo ana wajibu wa kuiandika kabla haijageuka kuwa -li-.

Kibiti ndio mji ambao katika umbo la kuazima ungekaa mahali pa mji wa mvinyo. Umo katika barabara ya kusini, katika nchi ya minazi, mikorosho, michungwa na mananasi. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, msafiri wa Lindi na Mtwara huuvuka mto kwa dakika chache, na Kibiti imekuwa kwake mahali pa kununua machungwa dirishani mwa basi. Magazeti ya mwaka 2017 yaliufanya mji huo ujulikane kwa mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Dirisha la basi na habari za mauaji, vyote viwili ni -ka-: jambo likatokea, msomaji akapita.

Mwandishi wa sifa angetafuta hapo kinywaji chake cha jioni, na katika nchi ya minazi angeambiwa habari za tembo. Lakini tembo la mnazi halisomeki kama chupa ya mvinyo. Mgema hupanda asubuhi na jioni na kotama yake, akalichonga karara lisilofunuka ili utomvu udondoke katika kibuyu. Karara lililogemwa halizai nazi. Kila kibuyu ni nazi zilizokatazwa kuwapo, na mwenye shamba huhesabu. Tembo tamu la asubuhi huwa kali siku ya pili, wala halingoji kuwekwa ghalani lipate sifa ya miaka. Tena katika nchi ya Waislamu wengi kinywaji hicho kina aibu yake na faragha yake, ambazo mgeni mwenye adabu huziheshimu kwa kutosema kila aliloliona. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mithali hiyo yatosha kuwa kanuni ya uhakiki wa nathari ya safari: mahali panaposifiwa mno, maandishi huingia maji.

Je, yako maandishi ya Kiswahili yaliyoujua mto huu vema? Yako, lakini si ya safari. Katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969, mtu huingia majini na kutoka na neno litakalowaunganisha watu na kuwaua. Kisa chenyewe kimetokana na Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907, na Kinjikitile wa historia alikaa Ngarambe, katika nchi ya Rufiji. Humo mto haukuwekwa upendeze macho. Maji yana imani, imani ina watu, na watu wana hesabu ya kulipa. Mwandishi wa tamthilia amefanya kwa jukwaa kazi ambayo msafiri hajaifanya kwa nathari.

Hukumu ya mwisho basi si kwamba -ka- iachwe. Bila ya hiyo hakuna safari, na Selim bin Abakari na wenzake hawakukosea kuitumia, maana walisimulia njia, nao hawakudai kusimulia nchi. Kosa ni la mtu apitaye kwa -ka-, akahukumu kwa hu-, akafunika pengo kwa sifa. Mwanafunzi atakayekwenda delta na daftari lake atafanya vema akipanda mashua Nyamisati bila ya haraka, akauliza majina ya miti, akangoja maji yapwe na yajae tena, na mahali ambapo hajui akaacha sentensi yake fupi. Kitabu kitakachopatikana kwa njia hiyo huenda kikawa na rangi chache kuliko vitabu vya jangwani, lakini mtu wa Salale au Mbwera akikisoma ataona kwamba ni kwao.