Jani Lisilotaka Moto

Jani la mtishamba limebeba kemikali nyingi, na inayoponya haijitambulishi. Kuipata kunataka mkono mtulivu. Katika dawa za Kichina, mkono ninaoustahi kuliko yote ni wa Tu Youyou wa Beijing.

Mwaka 1969 alikabidhiwa kazi ya kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walikusanya maelekezo ya tiba zaidi ya 2,000, kutoka vitabu vya kale na kwa waganga, wakajaribu mitishamba kwa panya wenye malaria. Qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, uliwahangaisha: leo unapunguza vimelea, kesho haufui dafu.

Wengi wangeutupa. Tu alirudi kwenye maelekezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: konzi ya qinghao ilowekwe kwenye maji, ikamuliwe, mgonjwa anywe. Moto haukutajwa popote. Akashuku kwamba joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Akaitoa dawa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi za Selsiasi, pungufu ya joto la mwili wa mtu. Akachukua majani, akaacha mashina. Kilichopatikana akakitenga mafungu mawili. Fungu lenye asidi lilikuwa na sumu na halikutibu, akaliweka kando. La pili akalirudisha kwa panya.

Ufundi wenyewe ndio huo: kutenga, kujaribu, kutenga tena, na kila fungu kuulizwa swali lilelile, je, wewe ndiwe unayeponya? Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilifyeka vimelea wote kwa panya. Kabla ya kuwapa wagonjwa, Tu na wenzake waliinywa wao kwanza. Mwaka uliofuata wakapata fuwele safi za artemisinini, ile kemikali inayoponya.

Baadaye ikajulikana siri yake: atomi mbili za oksijeni zilizoshikana kama daraja. Kimelea akila damu, madini ya chuma yaliyomo huvunja daraja hilo, na mabaki yake humuua.

Dawa mseto tunayomeza huku kwetu ina artemeta, iliyotengenezwa kutokana na artemisinini hiyo. Nikiiona, huikumbuka ile namba 191, na subira ya mtu aliyejiuliza kama kosa ni la jani au ni la moto wake mwenyewe.