Nani Anayeokoa Dunia? Neno juu ya Sinema za Wageni wa Sayari Nyingine

Vijana wetu wanapenda sana sinema za Marekani zinazoonyesha viumbe wa sayari nyingine wakiishambulia dunia. Wengine husema: «Ni mchezo tu.» Kweli, ni mchezo. Lakini mchezo nao hufundisha, tena hufundisha zaidi kwa sababu anayefundishwa hajui kwamba yuko darasani. Basi tujiulize: sinema hizi zinatufundisha nini juu ya mataifa?

Tuchukue Independence Day, iliyoongozwa na Roland Emmerich mwaka 1996. Merikebu kubwa za wageni zinasimama juu ya miji ya dunia na kuiteketeza. Vita ni ya watu wote, lakini macho yetu karibu hayatoki Marekani. Mtaalamu Mmarekani anavumbua dawa, rubani Mmarekani anaipeleka, Prezida wa Marekani mwenyewe anarusha ndege ya vita. Na wengine? Wanangoja. Habari inapowafikia askari Waingereza jangwani, wanafurahi kwamba Wamarekani sasa wameamka. Kabla ya vita Prezida anatangaza kwamba tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa inchi yake, itakuwa sikukuu ya dunia nzima. Hakuna aliyeulizwa. Mtu akikualika katika karamu yake, amekutendea wema. Lakini akikuambia kwamba siku aliyozaliwa yeye ndiyo siku uliyozaliwa wewe, huyo amekusahau.

Msomaji atatujibu: «Kila mtu hupiga ngoma nyumbani kwake.» Ni haki. Hatumlaumu mtu kwa kutunga hadithi ya kwao. Mwingereza H. G. Wells, katika kitabu chake The War of the Worlds cha mwaka 1898, aliwashusha watu wa Marsi karibu na London, si Bombay wala Boma. Lakini tutazame alivyofanya. Tangu mwanzo aliwakumbusha wenzake wenyeji wa Tasmania walioangamizwa na Wazungu, akauliza ginsi gani watu waliofanya vile wanaweza kuwanungunikia watu wa Marsi. Uingereza ilikuwa inatawala inchi nyingi; Wells akaionjesha uchungu wa wale wanaoshambuliwa na wenye nguvu kuliko wao. Aliweka inchi yake katikati ili ihukumiwe, si ili isifiwe. Mwishoni silaha za watu hazikushinda. Watu wa Marsi waliuawa na mikrobe, vidudu visivyoonekana, visivyo mali ya taifa lolote.

Byron Haskin alipofanya sinema ya kitabu hicho mwaka 1953, aliihamisha hadithi mpaka California. Hata hivyo neno kubwa lilibaki: bombe atomiki inaangushwa, nayo haifai kitu, watu wanakimbilia kanisani kusali, mikrobe zinamaliza kazi. Mwaka 1996 mikrobe imegeuka: sasa ni virusi ya ordinateri, iliyotungwa na Mmarekani. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kosa lenyewe lilipo. Zamani wokovu ulikuwa zawadi. Sasa umekuwa kazi ya mikono ya taifa moja. Tukumbuke vile vile kwamba Emmerich ni Mjerumani. Basi ugonjwa huu hauko katika damu ya Wamarekani.

Sinema iliyofuata, Independence Day: Resurgence ya mwaka 2016, inatugusa karibu zaidi. Ndani yake kuna inchi ya kubuniwa katika Afrika, na mkuu wake anaitwa Dikembe Umbutu, jina lenye sauti ya kwetu. Watu wake walipigana na wageni katika nchi kavu miaka 10. Hadithi hiyo peke yake ingetosha kuwa sinema nzima. Lakini inasimuliwa kwa maneno machache, kisha yule mkuu anakwenda na panga zake kuwasaidia Wamarekani kwao. Siku tatu za Julai zilipewa masaa mawili na zaidi. Miaka 10 ya Afrika ilipewa sentensi chache. Sisi wa Kongo, tulioona vita ikianza mashariki mwa inchi yetu mwaka ule ule wa 1996, tunajua maana ya vita ndefu isiyotazamwa na mtu.

Je, haiwezekani kufanya vingine? Inawezekana. Katika Arrival ya Denis Villeneuve, ya mwaka 2016 vile vile, merikebu 12 zinashuka katika inchi mbalimbali, na kila mahali panapewa sehemu moja tu ya ujumbe. Shujaa ni mwanamke Mmarekani, mwalimu wa lugha. Lakini dunia inapona wakati anapozungumza na jenerali wa China kwa lugha ya jenerali huyo. Hapa mgeni ana uso, na jirani ana sauti.

Basi ninyi mnaokaa na vijana, msiwakataze upesi. Tazameni pamoja nao, kisha waulizeni: «Ni nani hakuonekana?» Na sisi wenyewe tusiwacheke Wamarekani. Tunaposimulia vita zetu jioni, kabila letu ndilo linaloteswa, nalo ndilo linaloshinda. Wale wa ng'ambo ya mto hawana jina, hawana mama, hawana machozi. Sinema hiyo haikutoka Marekani. Tumeitunga sisi.